Mukufu Haitoke Bila Pinsi

Nchelenge, siku ya mbele ya safari yako, kisha kula

Mado mwana wangu,

Unisamehe juu ya kukawia. Tangu ile siku Mwalimu alitusomea barua ya kizungu ya batu ba konkuru, ile mashindano ya bafundi, unaniuliza neno moja tu, "Mama, utakuja?", na miye nanyamaza. Uliniuliza asubui nikiwa nawasha moto. Ukaniuliza mangaribi nikiwa naogesha mudogo wako Beni. Kisha ukaacha kuuliza na mudomo, ukabaki kuniangalia tu, na ile kuangalia yako ilikuwa mubaya kupita kuuliza. Sasa kesho alfajiri bus ya Lusaka inatoka Kashikishi, begi yako iko pa mulango, weye uliisha kwenda kuaga benzako ba korale ku kanisa, na ndiyo kwanza naikala chini kukujibu. Hapana vile banamufanyia mutoto. Najua.

Naandika juu unanijua: nikifungua mudomo, kugombana ndiyo kunatoka kwanza. Na karatasi sitagombana, sina hata nguvu. Mugongo inaniuma, chisense, hii samaki yetu ndogo, iko inakauka pa muchanga, mawingu iko inakusanyika upande ya Kilwa, ng'ambo ya ziwa, na Beni eko analala. Tuone mupaka saa gani.

Pa meza, karibu na hii karatasi, kuko pinsi, ile yako ya kukata waya. Nitakuambia wazi. Nilifungua hii karatasi nikiwa nataka kukuandikia: Mado, nimekata mukufu, angalia, iko mu begi chini ya nguo, beba, uende, usinitukane. Ndiyo nilitaka kufanya mbele urudi. Lakini sijaikata bado. Iko pa shingo yangu vile uliifunga. Naandika kwanza, nitakata kisha.

Sitakuandikia juu ya maji ya kuchemusha, wala juu ya banaume benye kujifanya bandugu yako ku stasio ya bus. Ile yote nilikuimbia toka uko mudogo mupaka masikio yako ilichoka. Nataka kukuandikia juu ya hii mukufu, na juu ya kitu sikukuambia wakati ulikuwa unaifunga.

Unakumbuka ile chuma ya matundu? Miaka yote ilikuwa inalala juu ya kifuniko ya pipa, inafinya samaki ya chumvi. Siku moja ukaiosha, ukaiinua ku jua, mwangaza ikapita mu matundu, kubwa, ya kati, ndogo, mupaka ile ya mwisho yenye hata uzi inaogopa kuingia. Ukaniuliza: "Mama, hii matundu ni ya nini?" Nikakujibu: "Ni ya kufinya samaki. Rudisha."

Ilikuwa chuma ya babu yako ya kuvutia waya mupaka inakuwa mwembamba. Siku tulikimbia kuja hapa ng'ambo ya ziwa, wakati inchi yetu ilikuwa inabadilisha jina na batu banakufa juu ya jina, mu mutumbwi kulikuwa nafasi ya miye, na ya weye, na ya kitu moja ya kubeba. Bamama bengine balibeba sufuria. Miye nilibeba ile chuma nilichukia toka utoto. Mupaka leo sijui juu ya nini. Nikafika hapa bila sufuria, nikaenda kuomba ya kuazima ku mulango ya mwanamuke sijamuona hata siku moja, na yeye, Bana Chola, ndiyo kusema Mama Chola na Kibemba, akaangalia ile chuma mu mukono yangu, akaniangalia miye, akasema na Kiswahili chake cha soko: "Mama, hii, unapikaka nayo namna gani?" Ndiyo urafiki yetu ilianza pale.

Weye ulijifunza peke yako. Ulienda kuomba motere ya mashini yenye kuungua kwa bale benye kuuza barafu, ukachomoa waya ya shaba, ukaipaka mafuta ya samaki, ukaingiza ncha mu tundu, ukaifunga ku mukaba kiunoni, ukaanza kutembea kinyume kuelekea maji. Batoto ba jirani bote nyuma yako: "Mado anavuta ziwa! Mado anavuta ziwa!" Na miye nilikucheka. Nilikuambia musichana mwenye masomo havute waya sawa ng'ombe. Kisha nikaona vile unaizungusha juu ya uzi ya nyavu, na majiwe ndogo ya kijani kati, bidole inaenda yenyewe, kichwa imeinama ku kushoto. Babu yako alikuwa anainama vile vile. Haukumuona hata siku moja mu maisha yako. Nikatoka inje, nikajifanya napepeta chisense.

Matata ya hii mukufu ni miye niliileta, si weye. Weye ulitaka kuweka kifungio nyuma sawa ile ya mu duka. Ni miye nilisema hapana. Nilisema kwa baba yangu mukufu ya waya haipimwe na kamba. Inafungiwa ku mutu mwenyewe, akiwa anasema. Ukauliza juu ya nini aseme. Nikakueleza vile yeye alinieleza: shingo yenye kunyamaza ni ndogo. Mutu akisema, akicheka, akimeza mate, shingo inapanuka. Ukimufungia akiwa kimya, siku atacheka itamukaba. Kwa hiyo anasema mupaka kazi inaisha, na bidole ya fundi inafuata maneno. Na duru ya mwisho ikitimia, ncha inarudi ndani ya waya, mwanzo na mwisho haionekane tena. Kisha pale haitoke bila pinsi.

Basi nikasema. Nilikaa pa kigoda ile siku zote, Beni pa magoti, nikasema mupaka sauti ikakauka. Juu ya Likasi kwetu, juu ya mama yangu, juu ya baba yako, bintu mwanamuke hamuambie mutoto wake. Batu wanapita wanafikiri ni bandugu wawili banasengenya batu, juu miye nilikuzaa nikiwa mutoto na bado habajui nani ni mama. Na mara moja nikanyamaza. Unakumbuka. Ulikuwa ku upande ya kushoto, chini ya sikio. Ukanipiga pa bega: "Mama, sema! Usinyamaze, koo inapungua!" Nikaanza kusema juu ya mvua. Lakini bidole yako haikudanganyika. Pale ku kushoto waya inashika kupita pengine, na kila siku nikimeza nasikia pale.

Kisha tukatuma picha ku konkuru. Miye nimeikala pa kiti ya Bana Chola, na kilemba yake, sura sawa mutu mwenye kungojea sindano. Kati yetu bote hakuna mutu alifikiri kama siku moja bale ba Lusaka watasema: muzuri, sasa tunataka kuiona yenyewe. Tulicheka sana, Mado, ile siku. Mwalimu alipofika pa ile neno, kama kazi itavaliwa mbele ya juri, bale ba kupima kazi, na musichana wao ama na mutu moja mwenye fundi atachagua, ukanigeukia na meno yote inje: "Basi ni Mama!" Nyepesi, sawa kutuma mutu chumvi.

Miye nikasema, "Ikate." Na weye ukasema, mbele ya Bana Chola, na ile sauti yako ya babu: "Ukiikata, Mama, siende."

Najua utaenda hata nikiikata. Utalia, utaiunga, utaenda. Mutu wa kawaida hataona pale uliiunga. Juri wataona. Batakuwa na bale bafundi ba dhahabu na ba majiwe ya bei, benye mashini ya kuangalia, na weye utasimama pale na waya ya motere yenye kovu. Hii najua. Nalala nayo.

*

Nilikuwa nimeacha hapa. Matone ilianza, nikakimbia kukusanya chisense. Ilikuwa uongo, mvua ilipita ku Chienge. Lakini nimechoka zaidi, na Beni ameamuka, eko pa mugongo sasa, anavuta waya na bidole yake. Bana Chola aliniona pale pa muchanga, akapiga kelele ku bamama bengine: "Musimuguse huyu, ni mali ya Lusaka! Ikianguka samaki pa shingo yake, juri inakasirika!" Bakacheka. Nilikuambia namna wananiita ku soko? Madame Shaba. Mwanzo walisema mbwa ya muzungu ndiyo wanafunga waya pa shingo. Kisha shingo ikaanza kuwa kijani, vile shaba inafanya na jasho, wakasema naota majani. Nakwangua na limau na majivu, na kesho iko kijani tena. Hii yote haikunisumbua. Ningekuambia ni hii inanizuia, ningekuwa nakudanganya.

Sasa nasema ile kitu nilinyamazia.

Nilikuwa na miaka kumi. Mu Likasi kulikuwa ekspozisio, maonyesho ya batu ba kazi ya mukono, ba mbao, ba udongo, ba shaba, na juri ya kupima. Papa yangu, ndiye babu yako, akafanya mukufu ya waya, mwembamba kupita ya kwako, usikasirike, akanifungia nikiwa naimba. Miye nilipenda kuimba kuliko kusema. Nilijua nyimbo kidogo tu, nazimaliza, naanza tena, mupaka yeye mwenyewe akachoka: "Agnès, mama, hauna ingine?" Nilikuwa na furaha, Mado. Ile wiki alikuwa ananiangalia shingo siku muzima. Mbele ya pale hakuwahi kuniangalia vile.

Ile siku akanisimamisha juu ya meza, na robe, gauni nyeupe, miguu bule, juu biatu sikukuwa nayo. Batu wanapita. Bengine wananiweka kidole pa shingo bila kusema kitu, sawa wanapapasa nyanya. Kisha juri wakasema Papa ndiye wa kwanza. Batu wakapiga mikono, na miye nikafikiri wanapigia miye.

Kisha monsieur moja, bwana mwenye mali, akataka ile kazi kuiweka ndani ya kioo, leo leo, mbele arudi kwake. Papa akasema ndiyo. Akatosha pinsi mu mufuko. Nikasikia chuma ya baridi nyuma ya shingo. Hakuna mutu alinieleza. Nilifikiri ni shingo wanakata. Nikalia, nikakojoa pale pa meza mbele ya batu bote, na Papa akaniambia polepole, na mudomo karibu na sikio, ile ya kushoto: "Nyamaza, ni waya tu." Kisha tac. Ndiyo ile tu. Tac.

Kesho yake akanipeleka kuiona. Ilikuwa inalala mu kioo, imefunguka, na chini kulikuwa karatasi na jina yake. Nikamuuliza, "Na jina yangu?" Akacheka, akaninunulia mukate ya sukari. Hakuwa mutu mubaya. Nataka usikie hii vizuri: hakuwa mubaya. Alikuwa na furaha tu, na mutu mwenye furaha hatazame pembeni.

Toka pale sikuimba tena akiwa pa kazi. Na nikifika kumi na tano nikaolewa na mutu wa kwanza mwenye hakugusa waya. Ndiyo baba yako. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia na kupotea, na kupotea ndiyo alijua zaidi. Sijuti, juu nilikupata weye. Lakini nilikimbia pinsi, nikaanguka mu kitu kubwa kuliko pinsi, na nilikuwa na akili ya mutoto. Ukiwa kule na woga, angalia kwanza unakimbia unaenda wapi. Miye niliangalia nyuma tu.

Sasa unaelewa juu ya nini nilisema ikate. Nilifikiri: bataikata. Kama si juri, ni tajiri fulani mwenye kioo. Atasema maneno mazuri, weye utakuwa na furaha, hautatazama pembeni. Afazali ikatwe hapa, mu nyumba yangu, na mukono yangu, bila batu wa kupiga mikono.

*

Nilijaribu, Mado. Sasa hivi, kati ya ile mustari ya juu na hii. Nilimushusha Beni, nikashika pinsi, nikapeleka mukono nyuma, nikaingiza mudomo yake chini ya waya. Ile baridi. Miaka yote hii, na ile baridi ni ile ile, inajua nafasi yake. Nikafunga macho nifinye.

Na Bana Chola akaingia bila kubisha, sawa kawaida yake, na sahani ya mihogo pa mukono.

"Mwe Lesa! Mungu wangu! Bana Mado! Unajichinja?"

"Nakata waya, Bana Chola. Toka."

"Awe, hapana! Na mutoto analia chini namna ile?" Sikusikia hata kama Beni analia. Akamubeba, akaikala pa kitanda yangu na mihogo yake, akaanza kula. "Bon, kata. Kata, nione. Mado akirudi nitamuambia nilikuwa nakula mihogo wakati ulikuwa unakata."

Nikamuambia aende. Nikamuambia kama hii si mambo ya Babemba. Akacheka mihogo ikatoka puani.

"Unaogopa nini mu Lusaka? Magari?"

"Siogope magari."

"Basi mutoto alikuuliza nini? Alikuuliza, Mama, niikate? Ama alikuuliza, Mama, utakuja?"

"Aliniuliza nitakuja."

"Na weye unamujibu na pinsi." Akapangusa mukono. "Miye batoto yangu saba. Hakuna moja aliniuliza kitu, hata siku moja. Wananiambia: Mama, naenda. Mama, naoa. Mama, iko wapi nshima ya kula. Kama moja angeniuliza, ningekuwa niliisha kupanda bus."

Kisha akachukua Beni, eti anamupeleka kuangalia bata, akaniacha na pinsi.

Hapo ndiyo niliona kitu, na nitakiandika mbele kikimbie. Papa yangu hakuniuliza. Wakati wa kufunga hakuniuliza, wakati wa kukata hakuniuliza. Baba yako hakuniuliza. Bale wenye bunduki, haina hata lazima ya kusema. Mutu wa kwanza kuniuliza kitu juu ya shingo yangu ni weye, na uliniuliza asubui na mangaribi, na ukangojea. Ulikuwa na pinsi siku zote hizi. Ungeweza kunikata nikiwa nalala, usingizi yangu unaijua. Haukukata. Ulingojea.

Sikukawia juu sipendi. Nilikawia juu sikuzoea kuulizwa. Mutu akiniuliza, natazama kwanza nyuma yangu, nione anasema na nani.

Basi jibu yako ni hii: nitakuja. Na mukufu, vile iko.

*

Usifikiri woga imeisha. Naogopa baraji, ile kizuizi ya polisi pa barabara, juu Kibemba yangu inanitoroka nikiona kofia. Naogopa kivuko ya Chembe, kupita tena mu inchi yetu hata kwa saa kidogo, na basoda, baaskari wenye kuangalia shaba sawa mbwa anaangalia mufupa. Naogopa ile jukwaa. Naogopa kama nitakojoa, unaweza kucheka. Naogopa zaidi ile wiki tatu utakaa peke yako pale mbele nifike, kati ya batu wenye kusema kizungu haraka, na mutu anakuambia kazi yako ni muzuri "ya kijiji", na weye unakasirika unatupa kitu. Usitupe bintu. Pinsi ya kwanza uliitupa mu ziwa, mupaka leo samaki ndiyo wanaitumia.

Wakikuuliza nani alikufundisha, usiseme hakuna mutu. Sema jina ya babu yako, na sema ile chuma. Yeye aliweka jina yake peke mu kioo, lakini weye hauna haja ya kumulipisha. Kisha useme jina ya mwenye kuvaa.

Wakiona kushoto inabana, usiseme ni kosa ya mukono. Mukono yako ilifanya kazi yake, ilifuata shingo. Sema kama mwenye kuvaa alinyamaza pale. Wakitaka kujua juu ya nini, waniulize miye. Pengine nitajibu, pengine hapana.

Na kama haushinde, Mado, sitakuambia haizuru. Itauma. Nitakuwa pale, tutanunua mukate ya sukari, tutakula bila kusema. Kama unashinda, mutu atakuja na maneno mazuri na kioo yake. Unaweza kumuuzishia mashanga ya mukono na ya masikio, ile uliifanya na kifungio, inatoka. Hii, hapana. Siku moja ikifika ya kuikata, labda nikizeeka, labda nikinenepa na mali yako, ni weye utaikata, na utaniuliza mbele, na nitakujibu siku ile ile. Hii sitanii. Ukisahau kuniuliza mara moja tu, nitapanda bus ya kurudi na kazi yako pa shingo, na juri watapima hewa.

Uko na wiki tatu kule mbele ya siku ya juri, miye nitafuata. Nasikia sauti yenu ya korale inakuja na barabara, unaimba sauti ya pili sawa kila siku, unakawia kidogo nyuma ya benzako. Namaliza. Pinsi nimeiweka mu begi yako, mu soksi nyeusi. Miye siihitaji.

Bintu nahitaji, uvitume na dereva wa bus, si na mutu wa kujuana naye pa njia. Bila hivi sitoke Nchelenge, usije kusema sikukuambia:

Karatasi ya kunialika, na stampu ya bale batu, yenye jina yangu vile iko pa kitambulisho, Ngoie Agnès. Si Mama Mado. Polisi hajue Mama Mado ni nani.

Karatasi ya pili, na sahihi yao, kama wakipenda kazi ama wasipende, hakuna mutu atagusa shingo yangu bila kuniuliza. Waiandike kizungu, Mwalimu atanisomea. Usione haya kuomba. Ukiona haya, uombe na haya yako.

Jina ya bus yenye kupita Samfya, si ile ya Chembe yenye kuvuka mu inchi yetu.

Waya mwembamba, ile ya tundu ya mwisho, urefu ya mukono moja; hii usitume, uiweke tayari kule. Beni ametafuna jiwe moja ya kijani ku mbele, inacheza. Sitaigusa, utaikaza weye mwenyewe nikifika.

Kitambara kubwa ya kufunika shingo pa njia, rangi ya kiza.

Neno yako kama utamushika Beni wakati nitakuwa mbele ya juri. Bana Chola anataka abaki naye na bata, lakini bado ananyonya. Fundi na mutoto pa mukono, juri waone na hiyo.

Na biatu. Namba thelathini na saba, ya kufunga vizuri, bila kisigino, juu nitasimama.

Mama yako,
Agnès